Niliandika Ukweli kwa Fomu Isiyo na Jina

Admin, tafadhali nifiche. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mzaliwa wa Kanyakine, na kazi yangu ni urubani. Naendesha ndege ndogo za kupeleka watalii mbugani. Nimekasirika hadi chakula hakipiti.

Miezi miwili iliyopita watafiti walikuja ofisini kwetu. Walisema wanapima vile sisi marubani tunaona usalama kazini. "Hamwandiki jina, jazeni bila kuogopa." Swali moja liliuliza: ukiripoti hatari, unasikilizwa? Moja ni hapana kabisa, tano ni ndio kabisa. Niliweka moja. Kwenye nafasi ya maoni nikaandika kwamba breki ya kushoto ya ndege yangu imelegea, nimeripoti mara tatu na fundi anaambiwa angoje.

Wiki iliyofuata bosi akaniita. Fomu yangu ilikuwa mezani kwake!

"Ni wewe peke yako unaendesha hiyo ndege," akasema. "Unataka tufungiwe? Jaza ingine."

Nilikataa. Kesho yake nikatolewa kwa rosta, ndege akapewa Mutuma wa Muthara, mwenzangu hapo kazini tuliyesomea naye urubani. Nilimwambia kuhusu breki. Akasema yeye ana watoto, hawezi kukataa kazi.

Siku ya nne alitua kwa uwanja mfupi wa changarawe, akakanyaga breki, ndege ikavuta kulia hadi kichakani. Wageni walitoka salama. Yeye alivunjika mkono na mbavu mbili. Bosi anasema ni makosa ya rubani.

Nilipomtembelea hospitalini hapa Meru, Mutuma alilia. "Dada, mimi nilijaza tano kila mahali. Sasa nani ataniamini?"

Juzi bosi alipiga simu. Nirudi kazini Jumatatu, lakini kwanza nijaze fomu mpya isiyotaja breki, niweke tarehe ya zamani. Eti ile ya kwanza imepotea! Wachunguzi wa ajali wanakuja Jumanne.

Mama ananiambia, "Mwana wakwa, mwanangu, hiyo ni karatasi tu. Jaza, urudi kazini."

Nikijaza, Mutuma atabeba lawama zote na leseni yake itaenda. Nikisema ukweli, nani ataniajiri tena? Kampuni hizi zote zinajuana. Na wale watafiti walioniahidi siri hawashiki simu zangu.

Wenzangu, hasa mliowahi kufinywa kazini kwa kusema ukweli, mngekuwa mimi Jumatatu mngejaza hiyo fomu? Msinitusi, nisaidieni mawazo.