Kitanda cha Joto cha Cimpunda

Ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Mvua ilikuwa imenyesha, nami nilikuwa napanda ngazi za udongo za Cimpunda, mtaa wa mlimani hapa Bukavu, kamba begani, bila wasiwasi wowote. Nilikuwa kijana najifunza useremala. Magoti yangu yalikuwa bado hayajaanza kunilalamikia kama sasa, na kazi niliyotumwa ilionekana nyepesi: kushusha kitanda kutoka kituo cha afya.

Hakikuwa kitanda cha kulalia watu wazima kama wewe na mimi. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo na droo chini ya kuwekea chupa za maji ya moto. Kuta zake zilikuwa mbili mbili, katikati tumejaza maranda ili joto lisitoroke. Humo walilazwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao. Umeme wa Bukavu unaujua, unaondoka bila kuaga, lakini kitanda chetu hakikuwa na shida nao. Alikibuni Papa Mugisho, bwana wangu wa kazi, baada ya kumzika mjukuu wake aliyezaliwa mapema na kukosa joto. Alikitengeneza huku analia, nilimwona.

Kisha ikasikika redioni kwamba serikali itasaidia karakana ndogo zinazobuni vifaa vya tiba. Sisi wa Kivu tukisikia serikali inatoa, tunacheka kwanza, ndipo tunauliza inatoa wapi. Papa Mugisho hakucheka, aliomba. Akajibiwa kwamba ujumbe utakuja kukitazama kitanda kwa macho. Wakiridhika, tutapata mbao, vioo, vipimajoto na mafundi, tutengeneze vitanda vya kupeleka kwenye vituo vingi vya afya. Wasiporidhika, tungebaki na kile kimoja, na mtoto wa pili akizaliwa mapema wiki hiyohiyo angebahatisha.

Na wewe unajua tunavyopokea wakubwa hapa kwetu. Ukumbi wa parokia kule chini barabarani ulifagiliwa hadi ukang'aa. Viti viliazimwa kila nyumba, vitenge vikatundikwa ukutani, akina mama wa kwaya wakavaa sare, kuku wakachinjwa. Kumpandisha mkubwa kwenye matope ya Cimpunda ilionekana kama kumtukana. Kwa hiyo kitanda ndicho kingeshuka, kiwekwe mbele ya ukumbi juu ya meza yenye kitambaa cheupe.

Shida ni kwamba kitanda kilikuwa kazini. Ndani yake alilala binti wa Nsimire, mkulima wa Mudaka aliyekuja mjini kumsalimia dada yake, uchungu ukamkamata kabla ya miezi kutimia. Papa Mugisho alisema mtoto atafungwa blanketi kwa muda mfupi tu, hotuba zikiisha kitanda kitarudi. Hotuba za kwetu, mwanangu! Lakini hakuna aliyempinga, maana sote tulikuwa tumelewa furaha ya kutembelewa.

Mlangoni nilimkuta Maman Zawadi, mkunga mzee wa kile kituo. Alitazama kamba yangu.

"Mutoto wangu, ile kamba iko ya nini?"

"Maman, Papa Mugisho amenituma nikamate kitanda. Bakubwa ba serikali banakuja kukiangalia ku parokia."

Hakunifokea. Alinishika mkono, akaniingiza ndani, akaninawisha kwa sabuni na maji ya moto, akaufuta taratibu. Kisha akafungua mlango mdogo ulio ubavuni mwa sanduku, akakiingiza kiganja changu ndani, karibu na yule mtoto. Lilikuwa joto la kifuani kwa mama. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo, ngozi yake nyembamba, unaona mishipa inavyopita. Halafu Maman Zawadi akautoa mkono wangu, akauacha kwenye hewa ya chumba.

"Umesikia baridi?"

"Ndiyo, maman."

"We muzima. Sasa ye atasikia namna gani, ye mwenye hana ata nyama ku mwili? Ile kitanda tulifanya sababu ya mutoto ao sababu ya bakubwa?"

Niliishusha ile kamba begani. Nsimire alikuwa ameketi sakafuni, mkono wake umeshika ukingo wa sanduku, na macho yake hayakutoka kwenye kamba yangu. Mpaka leo nikikumbuka yale macho nakosa raha.

"Bakubwa beko na miguu," Maman Zawadi akasema. "Bapande. Na we, siku ingine batakutuma kubeba kitu, uangalie kwanza nani iko ndani."

Nikashuka mikono mitupu. Kwaya ilikuwa inaimba, ujumbe umekwisha kuketi, na Papa Mugisho katika shati lake jeupe ananitafuta kwa macho. Nilimnong'oneza yote. Kwanza alikasirika, akakunja ngumi. Halafu akaketi kwenye kiti cha kuazima, na nikaona uso wake unabadilika.

"Nilitaka kumutoa mutoto mu joto," akaniambia polepole. "Miye. Miye mwenye nilizika wangu."

Akasimama, akaikatiza kwaya. Akawaambia wageni waziwazi kwamba kitanda hakitakuja kwa sababu kina mtoto, na kwamba anayetaka kukiona itabidi apande. Nilidhani mambo yetu yameharibika. Kumbe aliyeongoza ujumbe, daktari mmoja mama wa makamo, alikunja suruali yake hadi magotini, akasema, "Sasa tunangoja nini?"

Tukapanda wote, na kwaya nyuma inaimba. Mgeni mmoja aliteleza akakaa kwenye matope, akacheka kuliko sisi. Tulipofika, wakaingia mmojammoja baada ya kunawa. Umeme ukakatika wakiwa mle ndani, taa ikazima, na kipimajoto cha kitanda hakikushuka hata kidogo. Daktari alizigusa zile chupa, akainama kwa Nsimire.

"Mutoto ananyonya?"

"Ananyonya, docteur. Jana alilia kwa nguvu!" Alisema kwa fahari, ungedhani binti yake amepata diploma.

Msaada ulikuja, mwanangu. Ulikuja vipandevipande na kwa kuchelewa, lakini ulikuja, na mimi ni mmoja wa waliolishwa nao. Vitanda vyetu vilifika Mudaka, vikafika hadi Luhwindja kwa wachimba dhahabu, ambako wanawake hujifungulia mbali na barabara. Binti wa Nsimire alitoka akiwa mzima. Serikali tunaitukana bila kuombwa, basi siku inapofanya vizuri tuwe na adabu ya kusema aksanti. Naisema, tena kwa sauti. Na zaidi ya hapo namshukuru Maman Zawadi, Mungu amlaze pema, kwa sababu alinizuia mlangoni nikiwa bado sijaharibu kitu. Naupata usingizi wa uzeeni kwa ajili yake.

Sasa, Nabintu wangu, jana mama yako alinieleza kwa furaha kwamba serikali imekubali kuja kukitazama kifaa chenu cha kuwasaidia watoto kupumua, mlichokitengeneza wewe na wenzako. Nilifurahi hadi nikasimama bila fimbo. Halafu akaongeza kwamba umewaomba wauguzi wakitoe wodini kwa siku hiyo, kipelekwe hotelini kwenye sherehe.

Nabintu, nani iko ndani?

Sikuulizi kwa kukuonea. Nakuuliza kama nilivyoulizwa. Mpigie muuguzi simu leo, mwambie akiache mahali kilipo. Wageni waite wodini, wanawe mikono, wasimame pembeni mwa kitanda, wamsikilize mtoto anavyovuta pumzi. Usiogope kwamba watakudharau. Akidharau mmoja, mwingine atakunja suruali. Na hata wasipokupa chochote, mtoto atakuwa amelala salama, na hiyo ndiyo kazi uliyoianza. Kifaa cha tiba kina mwenyewe, naye ni mgonjwa, wewe na serikali mnafuata nyuma. Ukisaidiwa, shukuru bila aibu, kisha urudi kazini.

Njoo sasa nikuwekee mkono kichwani. Mungu akubariki wewe na wenzako, awape akili isiyochoka na moyo unaosikia baridi ya mwingine. Na kila mtoto utakayemlaza penye kazi ya mikono yako, aamke, alie, aombe kunyonya.