Kadi ya Sufuria

Iko Idi moja, mwanangu, naikumbuka mpaka kesho. Ilikuwa Idi pili, mimi niko Kisarawe, nafunga nguo zangu kwenye kanga ili nirudi kwa kaka yangu kule Mzenga nimwache mume, na sababu yenyewe ni kadi. Cheka tu. Hata mimi nilijua kaka atacheka, ndiyo maana nilipokuwa nafunga lile furushi nilikuwa natafuta sababu nyingine, kubwa kubwa, ya kumwambia nikifika.

Kilichonikumbusha ni mjukuu wetu Rehema. Nakaa naye hapa Kongowe, Kongowe hii ya Kibaha, si ile ya Dar, maana wageni wangu hupotea kila mara. Rehema anatengeneza kadi za kuuza. Ana kimashine cha kuzungusha kwa mkono, ukikitazama utasema cha kukamulia miwa. Anaweka karatasi, juu yake kibati chenye makali kilichokunjwa umbo la ua, anazungusha, na upande wa pili ua linatoka limekatika vizuri kuliko ninavyokata kucha zangu. Mihuri yake ni ya mpira laini, unaona mpaka upande wa pili. Juzi alipiga rundo zima la kadi za Idi, zote maneno yale yale. Nikamuuliza, "Hizi zinakwenda kwa nani?" Akanijibu, "Kwa yeyote atakayenunua, bibi." Hakusema vibaya. Lakini chai ilinipolea mkononi.

Basi sikiliza. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori la mchanga. Mimi nilimwita Baba Hadija, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Alikuwa na wake wawili, mimi kule Kisarawe na mwenzangu Tatu huku Kongowe. Tatu ni mdogo kwangu kwa umri, lakini kwa urefu akisimama mlangoni chumba kinaingia giza. Na mdomo anao.

Sitaki kumsema vibaya Baba Hadija. Katika kugawa alikuwa mtu wa haki mpaka anachosha. Akininunulia doti ya kanga, na Tatu doti, rangi ile ile, maneno yale yale. Tukikutana harusini tumevaa sare kama wanakwaya, na wala hatujaambizana. Sukari sawa, sabuni sawa, zamu zake za kulala sawa. Lori likimharibikia njiani akachelewa kwangu, siku ile atailipa. Sikuwa na la kulalamika, na Tatu pia hakuwa nalo.

Sasa pale Kisarawe, karibu na stendi, alikuwepo bibi mmoja aliyeuza kadi za kutengeneza kwa mkono. Tulimwita Bi Mosi. Mihuri yake aliichonga mwenyewe kwa wembe kwenye soli za kandambili kuukuu. Hizo kandambili aliziokota kila mahali, ukimtembelea unaangalia zako kwanza. Vya kukatia alitengenezewa na fundi bati: utepe wa chuma umekunjwa umbo la kopa, la nyota, la duara, ukingo mmoja umenolewa. Anaweka karatasi ngumu juu ya gogo, chuma juu ya karatasi, anapiga kwa mchi, kopa linadondoka. Wino wake mwekundu ulikuwa rangi ya kutia ukindu wa mikeka, amekinywesha kipande cha godoro. Alikuwa na nyota moja tu na ilihudumia dini zote. Idi aliipiga pembeni ya mwezi, Krismasi aliipiga juu ya kibanda cha ng'ombe, na hakuna aliyelalamika.

Idi ile Baba Hadija akaniletea kadi. Haikuwa kawaida yake, yeye ni mtu wa kuleta nyama. Mbele kopa jekundu limebandikwa, maua mawili pembeni. Ndani muhuri: KWAKO WEWE PEKE YAKO, HAKUNA MWINGINE.

Mimi kusoma nilijifunza ngumbaru ukubwani, nasoma kwa kidole. Nikapita na kidole polepole, nikarudia. Mwingine yupo, najua, pilau ya harusi yake nimeipika mimi. Lakini nikajiambia huenda mtu huyu ana neno lake moyoni ambalo haki imemzuia kulisema. Siku nzima nilitembea kama niliyevaa viatu vipya. Mpaka jirani akaniuliza kama nimepata mimba.

Kesho yake Tatu akaja na watoto kunipa mkono wa Idi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu, kaa."

Akanywa chai, akala vitumbua. Halafu akafungua mkoba, akatoa karatasi, akaanza kujipepea. Kisarawe tuko vilimani, asubuhi ile ilikuwa ya kujifunika, hajipepei mtu. Nikajua anataka nimuulize.

"Hiyo nini unajipepea nayo?"

"Hii? Aa, kikaratasi tu, dada. Baba yao kaniletea."

Nikainuka, nikaenda ndani, nikatoa yangu chini ya mto. Nikaiweka kwenye mkeka. Na yeye akaiweka yake. Kopa kwa kopa. Maua mawili kwa maua mawili, hata lile lililomegwa na wembe upande wa kushoto limemegwa palepale. Tukafungua ndani.

Tatu akasoma kwa sauti, "Hakuna mwingine."

"Hakuna," nikasema.

"Sasa sisi hapa ni nani, dada?"

Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia kikawa kilio. Mimi nikaenda chumbani kufunga furushi.

Hapa nataka unielewe, mwanangu. Sikuumia kwa sababu Tatu kapewa. Kanga tulipewa sawa miaka yote na sikuumia. Niliumia kwa sababu siku nzima niliamini kwamba kuna mtu alikaa mahali akaniwaza mimi, kisha nikagundua hakuna aliyekaa. Nilijiona kama mfuko wa sukari: umepimwa, umefungwa, umeletwa.

Tatu akanikuta nafunga. "Unakwenda wapi?"

"Mzenga."

"Na mimi je? Kwetu mbali, mimi nitafunga furushi niende nalo wapi?" Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, kanga ile ile niliyovaa mimi. "Kabla hujaenda, twende kwa huyo bibi kwanza. Atuambie alikuwa anafikiri nini."

Tukaenda. Wake wenza wawili, sare, mmoja ana furushi kichwani. Watu wa stendi walipata Idi yao.

Bi Mosi tulimwamkia, maana hata ukiwa na hasira mtu mzima unamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mbona na furushi, mnahama?"

Tatu akamwekea zile kadi mapajani. "Bibi, umetuuzia uongo."

"Mimi nauza karatasi," akasema. "Alikuja bwana hapa, akaniambia nataka mbili, zisipishane hata nukta, nina wake wawili na Mungu ananiona. Nikampigia. Nikamuuliza, maneno je? Akasema, chagua wewe, mama, weka mazuri mazuri. Muhuri huo niliuchonga kwa ajili ya vijana wachumba. Sikuwaza mbali, na hilo mnisamehe."

Akawa mpole namna hiyo, na mimi hasira ikakosa pa kukaa. Nikadhani yameisha. Kumbe alikuwa ananitazama.

"Wewe mwenye furushi. Mumeo anapenda nini?"

Nikajibu upesi. "Ukoko wa wali. Tangu anioe namkwangulia wote, namwekea yeye."

"Na wewe unapenda nini?"

Nikaona haya. "Ukoko."

"Yeye anajua?"

Nikashusha furushi, nikaanza kukaza fundo lake.

"Nakuuliza, anajua?"

"Si angejua mwenyewe, bibi? Mtu unakaa naye miaka yote!"

"Atajuaje, naye kila siku unamwambia umeshiba? Yeye kakudanganya mara moja kwa kadi. Wewe unamdanganya kila mkipika wali. Sasa nani amfungie mwenzake furushi?"

Mwanangu, nimewahi kupigwa na mama yangu kwa mwiko wa ugali. Haukuniuma vile.

Tatu akaanza kutabasamu, na bibi akamgeukia. "Na wewe mrefu, unacheka nini? Wewe unamficha nini?"

Tatu akatazama chini. Sikuwahi kumwona akitazama chini. "Radi," akasema. "Zamu yake ikiwa Kisarawe na mvua ikanguruma, naingia chini ya kitanda na watoto. Yeye anajua mimi siogopi kitu."

Nilikuwa nimemjua Tatu miaka ile yote. Nilidhani zamu za Kisarawe huku Kongowe analala kama gogo.

Bi Mosi akatoa kapu la mihuri, akalimwaga. "Tafuteni humo muhuri wenu." Tukatafuta. Maua, nyota, njiwa, mwezi, kikombe. Akasema, "Haumo. Hautakuwemo hata mkikesha. Haya," akatupa kila mmoja soli na wembe, "chongeni."

Mimi nilichagua sufuria, na kuichonga si kazi ndogo kwa asiyezoea. Mara mkono mmoja mkubwa kuliko mwenzake, mara wembe umenikata kidole, na ukiangalia kadi yenyewe utaona wino wa pale chini si wino wote. Mfuniko bibi alinikatia kwa lile duara lake, akauacha umeshika upande mmoja ili ufunguke. Ukifungua mfuniko unakuta maneno yangu, nimeandika kwa mkono wangu, yamepanda mlima: NA MIMI NAUPENDA UKOKO. Basi. Tatu alichonga kitanda, na chini ya kitanda miguu miwili imetokeza. Alisema ndivyo ilivyo, miguu haiingii.

Tulipomaliza, bibi akatukabidhi zile soli zetu. "Nendeni nazo. Mimi sitampigia mtu mwingine." Kisha akanisogezea furushi kwa mguu. "Na hili utaenda kulifungua, au nikae nalo mimi?"

Nikalichukua, nikarudi nalo nyumbani.

Jioni Baba Hadija akarudi kutoka kutembelea jamaa. Akatukuta wote wawili kwenye mkeka mmoja. Akasimama mlangoni, kiatu kimoja amevua, kingine bado.

"Salama?"

"Salama."

"Wote wawili salama?"

Tukampa kadi zake. Akaanza na ya Tatu, akaigeuza huku na huku. "Chini ya kitanda? Wewe? Na miguu yote hiyo?"

"Si ndiyo hiyo imebaki nje," Tatu akasema.

Kisha akafungua mfuniko wangu. Akasoma. Hakucheka. Akavua kile kiatu cha pili, akaingia jikoni mwenyewe, na tukasikia sufuria inakwanguliwa. Mwanamume yule hata maji ya kunywa alikuwa analetewa. Akarudi na sahani tatu. Ukoko ameugawa sawasawa, vipande vinalingana, haki yake haikumtoka. Akakaa. Akazitazama zile sahani muda mrefu. Kisha akachukua kipande kikubwa kwenye sahani yake, akakiweka kwenye yangu.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akigawa bila usawa. Na Tatu, yule Tatu mwenye mdomo, aliangalia pembeni kana kwamba hakuona. Furushi nililifungua usiku ule, na Mzenga nilikwenda baadaye, kusalimia tu. Msimu wa mvua ulipokaribia, Baba Hadija akamwomba dada yake ahamie kwa Tatu akae naye.

Sasa Baba Hadija ametangulia. Alipoondoka, Tatu alinitumia neno, "Njoo, dada, radi bado zipo." Ndiyo nikahamia hapa. Rehema ni mjukuu wa Tatu wa kumzaa, na ni wangu kwa kumlea. Ukoko tunagawana hadi leo, ila meno yametukimbia, tunauloweka kwenye chai. Kadi ya sufuria ninayo. Soli yake ninayo pia, imekakamaa kama ngozi ya goti langu.

Nimekwambia haya, mwanangu, si ili uichukie mashine. Mashine haina kosa, na muhuri hauna kosa. Kadi za Rehema ni nzuri na zinatulisha. Hata simu yangu siku za Idi haitulii, waridi linametameta, kalituma mtu kwa kila jina alilonalo. Nashukuru, silikatai. Ila sijui kama amenikumbuka au kidole kimepita tu juu yangu.

Nasaha yangu ni hii. Vya kugawa gawa sawa: nguo, chakula, muda wako. Lakini neno la moyoni usilipige muhuri mmoja ukaligawa kama sukari. Kaa kwanza, mtu yule umuwaze yeye, mpaka umpate alivyo, hata kama utakachopata ni sufuria. Na wewe unayesubiri kuwazwa, usijifiche halafu ukalia kwamba hukuonekana. Sema unachokipenda. Sema unachokiogopa. Nilikaa miaka nikimpa mume kitu ninachokitaka mimi, nikiona fahari, na kumbe nilikuwa namnyima nafasi ya kunipa.

Rehema nimemwambia aache ndani ya kadi zake patupu, mnunuzi aandike mwenyewe, hata maandishi yakipanda mlima. Kasema atafikiria. Vijana mkisema mtafikiria najua maana yake, lakini jana nimemwona na wembe na kandambili yangu ya kushoto.

Mungu akujalie, mwanangu, mtu wa kukukwangulia sufuria, na akujalie ulimi wa kumwambia kuwa na wewe unataka. Radi ikipiga isikukute peke yako. Na sahani yako, popote utakapoketi kula, isikose mkono wa kuiongezea kipande. Amina.