Kipandauso cha Mama Protus

Ayuma, mamake Protus, alijua kuchukia. Alimchukia mke mwenzake Khalayi kwa bidii ile ile aliyopalilia nayo miwa. Kichwa kilianza kumsumbua mwaka ambao mumewe, Andati, alimleta huyo binti kutoka Khayega, basi mtu wa kulaumiwa akawa amepatikana.

Kilimshika upande mmoja, juu ya jicho la kushoto, kikidunda, mwanga ukimchoma na tumbo likichafuka. Kwenye zahanati, Sista Dorothy alimpima presha, akaiona iko sawa.

"Kichwa cha presha ikipanda sana kinaumanga kisogoni, asubuhi," alisema. "Cha homa kinashika kichwa yote na mwili unachemka. Kuna kingine kinachimbanga jicho moja, saa ile ile kila siku, wanaume ndio kinawapata sana. Yako ni kipandauso, mama. Mishipa ya damu kichwani inavurugika. Moshi inakiamsha, njaa, jua kali. Hasira pia."

"Na mke mwenza je?"

Sista alicheka. Ayuma hakucheka.

Hasira hasara, walisema wahenga, lakini hao hawakuishi boma moja na Khalayi. Siku hizo sukari ilikuwa imewapagawisha watu wa Kakamega. Walipanda miwa hadi mlangoni, mboga wakanunua sokoni. Miwa iliyokomaa ilingoja zamu yake ya kukatwa na kiwanda cha sukari, na Khalayi alikuwa akiingojea kwa maringo, kwani Andati alikuwa amemgawia yeye shamba moja la miwa.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, Ayuma hakunywa hata chai. Alishika kiberiti, akaenda shambani kwa Khalayi. Majani makavu yalishika moto mara moja, majivu yakaruka juu, naye akasimama palepale juani kutazama, kwa sababu kisasi usichokiona hakishibishi. Roho yake ilitulia kabisa. Kisha vimulimuli vikaanza kucheza kwenye jicho la kushoto, na alifika nyumbani akitapika.

Jumatatu trekta za kiwanda zilikuja. Miwa iliyoungua haingojeshwi, maana sukari yake huharibika upesi, kwa hiyo hukatwa mbele ya foleni yote. Ayuma alijua hayo tangu utotoni, ila chuki ilikuwa imeyameza. Wakataji walipita kando ya miwa yake mwenyewe, iliyoanza kukauka, wakaenda kukata ya Khalayi. Alizisikia panga zao akiwa kitandani, madirisha yamefungwa, leso imekazwa kichwani. Angewalaani, lakini kufungua mdomo kulimuuma.

Jioni Khalayi aliingia na beseni la maji baridi na kitambaa.

"Pole, Mama Protus. Mimi Mungu amenikumbuka. Sogea kidogo."

Ayuma alitamani kuung'ata ule mkono. Alisogea.

Khalayi alifungua leso, akainama, akanusa. Kisha akakamua kitambaa polepole.

"Nywele yako inanuka moshi," alisema kwa upole. "Usiogope. Sitaambia mtu. Nitakuwa nakuja kukuuguza kila siku."