Macho Yasiyo na Kope

Siku niliyoimwaga dawa ya zahanati juu ya meza ya mganga, Dongobesh nzima ilisema nimerukwa na akili. Semeni. Niliyoyaona baada ya hapo niliyaona mchana, kwa akili hii hii, na mwanangu alikuwa mgongoni akiyaona pia. Asiyetaka kuamini aishie hapa, asinipotezee muda.

Mganga yule alimtazama Salma, akacheka. "Mama Salma, umesoma mno. Umemwambukiza mtoto kuwaza."

Mtoto wa miaka mitatu, halali usiku, halali mchana, macho kodo hata nikimwimbia mpaka sauti inikauke, mwili unakwisha kama kipande cha sabuni, na mtu ananitania kuhusu sekondari. Chupa ikapinduka. Nikambeba mwanangu, nikashika njia ya Mbulu kwa miguu, naenda bomani.

Kwa nini bomani? Kwa sababu picha ilikuwa huko.

Memsabu mmoja, mzungu mgeni wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuwa amepita kwetu akitoka Yaeda Chini. Kazi yake kuchora watu. Aliketi barazani pa duka letu akatuonyesha alivyowanakili watu wekundu wa kule mwambani, wale wa kale, ambao hakuna ajuaye aliyewachora. Mimi nawafahamu, marehemu baba aliwahi kunipeleka. Ni warefu kama mabua ya mtama, kiuno cha nyigu, kichwa duara tupu. Sura hawana. Lakini kwenye karatasi za memsabu kila mmoja alikuwa na macho mawili makubwa ya buluu.

"Hawa hapana macho," alisema. "Mimi nasaidia."

Kisha akamkalisha Salma juu ya gunia la chumvi, akamchora kwa chaki. Siwezi kusema uongo, alimpata. Shavu lile lile, paji lile lile. Shuleni mwalimu wetu wa kuchora alikuwa akisema uso ndio mtu, mengine ni nguo. Mume wangu akasifu, majirani wakasifu. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeinama akaichunguza karatasi.

"Kope ziko wapi?"

Tukatazama. Kweli, hazikuwepo. Macho yalikuwa wazi, duara, hayana cha kushuka juu yake.

Mama mkwe huwashonea wajukuu wanasesere wa vipande vya kanga, na hakuna hata mmoja mwenye macho. Nilidhani ni dini. Siku hiyo akaniambia, "Siwatii macho kwa sababu sijui kuyafumba. Huyu mgeni wako anajua?"

"Mama, ni picha tu," nikamjibu.

Memsabu akaondoka na picha, akaipeleka bomani. Na usingizi wa Salma ukaondoka naye.

Sasa nisikilize vizuri. Nilikuwa nimeshapanda mlima, ukungu wa mchana umeshuka, wakazi wa huku mnaujua, ule wa kuficha ng'ombe aliye mbele yako. Mtu akasimama kando ya njia. Mrefu, mwekundu mwili mzima. Nikamdhania mzee wa wafugaji aliyejipaka udongo na mafuta.

"Shikamoo," nikamwamkia.

Kimya. Nikarudia, nikaongeza "mzee". Kimya. Jamani, mimi nimelelewa kwamba salamu huitikiwa hata na adui, na siku ile sikuwa na subira ya kumgawia mtu. Nikainua uso nimpe maneno yake. Nikaona hana mdomo.

Hana pua pia. Kichwa duara tupu, na juu yake macho mawili ya buluu, ya chaki, hayapepesi. Yalikuwa macho ya Salma. Namaanisha ya picha ya Salma, mkono ule ule, duara lile lile. Yule mwanamke watu wote aliwatia macho ya aina moja.

Ungefanya nini? Kukimbia? Na mtoto mgongoni? Akainama, akainama tena, mpaka kichwa kikawa sawa na bega langu, wakatazamana yeye na mwanangu. Kisha Salma, taratibu, kama aliyetumwa, akasema:

"Mama, babu anauliza haya yanafumbwaje."

Niamini, hofu ilinitoka hapo hapo. Nikabaki na hasira. Mtu amelala zake mwambani tangu enzi na enzi, hana shida na yeyote, mgeni anakuja kumwamsha kwa chaki halafu anapanda lori. Nikavua kanga ya begani, nikaikunja, nikamfunga machoni kama ninavyomfunga mtoto jua likiwa kali. Kichwa chake kilikuwa baridi, cha jiwe. Akakaa chini, akajikunja, akatulia. Ukungu ulipopasuka palikuwa na jiwe, na juu yake kanga yangu yenye doa jekundu ambalo mpaka leo halitoki kwa magadi wala kwa jua.

Bomani, picha zilikuwa ukutani, ndani ya kioo. Nikamwomba karani anishushie ya Salma, nikamweleza kwamba picha isipolala mtoto halali. "Mali ya serikali hiyo," akasema, na kuniuliza kama picha nayo huwa inapewa kitanda. Mwenye malalamiko aandike. Nikaandika.

Mpaka leo sijajibiwa. Salma hulala nikimfunga ile kanga tu, ikiteleza, anafumbua. Na madereva wa lori wanasema njia ya Yaeda ina watu warefu siku hizi, wanasimama tu. Memsabu alinakili wengi. Basi ukikutana na mzee mwekundu asiyeitikia salamu, usimtukane. Mtazame mdomo kwanza. Kama una kitambaa, mpe. Na anayetaka kumchora mwanao, muulize kope.

Nilichoandika ni hiki, neno kwa neno:

"Bwana Shauri, Mbulu. Mimi, Mama Salma wa Dongobesh, nalalamika kwamba mgeni wako amewatia watu macho bila kuwatia kope. Wa kwanza ni binti yangu. Wa pili hawezi kufika kujieleza kwa kuwa hakuchorwa mdomo, namsemea mimi. Sitaki fidia wala picha. Naomba mgeni wako arudi na chaki yake ayafumbe aliyoyafumbua, au nifunguliwe kioo niyafute kwa mkono wangu. Naandika haya nikiwa barazani kwako. Salma ananitazama."