Mara Tatu, Si Nne

Dukani walimwita Bwana Sekunde. Kazi yake ilikuwa kupima kasi ya kompyuta za nyumbani: kila mashine anaipa video ileile iipunguze ukubwa, anabonyeza saa, anarudia mara tatu, anachukua muda wa katikati na kuuandika kwenye kadi. Mara tatu, si mbili wala nne. Wateja wabishane weee, yeye anaonyesha kadi tu. “Namba haina mjomba,” husema.

Video yenyewe aliipiga miaka tisa nyuma, mkewe akipaka rangi jiko lao. Dukani aliicheza bila spika tangu siku ya kwanza, na mwishowe akaacha hata kuitazama kwa makini. Ilikuwa kipimo, basi.

Mkewe alifariki miezi miwili iliyopita. Watu wakamwambia, “Jikaze.” Ajikaze nini, jamani, na mwenyewe hasikii kitu? Alikula, alilala, alipima. Binti yake akapiga simu: “Baba, sauti ya mama huna popote? Simu yake imekufa na kila kitu.”

“Sina, mwanangu,” akajibu, na aliamini hivyo.

Wiki iliyofuata meneja akamjia. “Mzee, hicho kipimo chako kimepitwa na wakati. Mashine za sasa zinakitafuna kama karanga. Kifute kote, tumeleta kipya.”

“Sawa, bosi.”

Akaanza kufuta kwenye flashi yake, kisha mashine ya kwanza mpaka ya nane. Ya tisa ilikuwa mpya, video ameshainakili ndani lakini haina kadi, akaona aipime kwanza, kazi isilale kiporo. Ilipomaliza akaifungua video kuhakikisha haijaharibika, kama desturi yake. Kumbe spika alizojaribu mteja wa asubuhi zilikuwa bado zimechomekwa.

“Mume wangu we, weka hiyo kamera ushike brashi! Jiko litajipaka lenyewe?” Mkewe akacheka, duka zima likasikia.

Alisimama pale akingoja machozi. Hayakuja. Akampigia binti yake, akaisogeza simu kwenye spika. Upande wa pili kikasikika kilio.

“Irudie, baba.”

Akairudia.

“Tena.”

Ikawa mara ya tatu, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kalamu na kadi.

“Tena, baba.”

Akaiweka kalamu chini, akabonyeza mara ya nne.