Keki ya Harusi ya Mama Yangu

Kiangazi kikishika kwetu Ngara, vumbi jekundu hupanda hadi kwenye majani ya migomba, asubuhi huwa na baridi ya kukufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono miwili, na kila familia inakumbuka kwamba ina sherehe. Maharage yameshaingia ndani, hakuna mvua ya kuharibu turubai. Hapo ndipo simu yangu huanza kuita. Huyu anataka keki ya komunyo ya kwanza, yule ya kipaimara, mwingine anataka hafukeki na kashata za karanga za kuwapa wageni wanaotoka Mwanza.

Naoka uani, kwa mkaa. Aliyenifundisha ni jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka Pwani kuja kufanya biashara huku, wakabaki. Nilipohamia mjini baada ya kuolewa nilikuwa sijui kupika chochote cha ngano zaidi ya chapati ngumu. Yeye alinikalisha kwenye kigoda chake, akanionyesha namna ya kupasha mchanga ndani ya sufuria kubwa, kuweka bati la keki juu ya mchanga ule, kufunika kwa sinia na kupanga makaa juu ya sinia. Mimi nilikuwa nafunua kila mara kuchungulia.

"Mwanangu," aliniambia, "unaitia baridi. Iache. Harufu ikifika barabarani, ndiyo uje utazame."

Mpaka leo naoka kwa pua kuliko kwa saa.

Kiangazi ninachotaka kukisimulia kilianza na simu ya mama. Wazazi wangu wanaishi Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo. Baba ni Msubi wa hukohuko. Mama ni Mhangaza, alitoka huku Ngara akiwa msichana, kwenye familia ya Kikatoliki ambayo sala ya jioni hairukwi hata kama mvua inavuja kitandani. Waliishi pamoja tangu ujana wao, wakatuzaa, wakalima, lakini hawakuwahi kufunga ndoa kanisani, kwa sababu baba hakuwa amebatizwa. Kwa hiyo mama alikuwa hapokei komunyo. Nilikua nikiliona jambo hilo kila Jumapili: watu wanainuka, wanapanga foleni, mama anabana magoti pembeni ili wenzake wapite, kisha anabaki peke yake kwenye benchi akiangalia mikono yake. Hakuwahi kulalamika mbele yetu. Baba tukimuuliza, alikuwa akijibu kwamba kanisa ni la watu wanaojua kusoma.

Sasa mama alikuwa kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kucheka.

"Baba yako amebatizwa Pasaka."

"Baba yupi?"

"Una baba wangapi? Alikataza nisikwambie mpaka amalize. Na mwezi wa saba tunafunga ndoa. Padre ameshatutangaza."

Nilikaa chini hapohapo, kwenye gunia la mkaa. Nilimwambia kwamba keki ni yangu, na itakuwa ya ghorofa tatu.

"Keki ya nini," alisema, "sisi wazee." Kisha akashusha sauti. "Itakuwa na rangi gani?"

Nilianza kujiandaa mapema. Jirani yangu aliposikia kwamba anayeolewa ni mama yangu alipiga kigelegele kimoja uani, akaingia ndani, akatoka na iliki aliyotumiwa na nduguze wa Tanga, ile aliyokuwa akiificha hata mimi. Tulioka pamoja, yeye akipiga mayai na mimi nikitazama moto. Ghorofa zote tatu zilitoka laini, zimeumuka bila kupasuka. Nilizipaka krimu nyeupe ya siagi na kuzizungushia maua ya manjano, kwa kuwa mama alikuwa amesema, baada ya kuzunguka sana, kwamba manjano si mbaya.

Ijumaa asubuhi nilikodi taksi. Mume wangu na watoto walikuwa waje kesho yake, mimi nilitangulia na keki. Nilizipakata ghorofa ya juu na ya kati zikiwa zimeshapachikwa pamoja, ile kubwa ya chini ikawa ndani ya boksi miguuni. Sasa hivi nisingefanya hivyo, lakini niliogopa kwamba nikifika kule nitashindwa kuzipachika sawasawa. Kwenye lami tulikwenda salama, tukipishana na malori yanayoelekea Rusumo, madirisha yakiwa yamefungwa ili vumbi lisiguse krimu. Joto lilikuwa la kuchemsha maji. Dereva alikuwa akijifuta jasho kwa taulo.

Tulipoiacha lami na kuingia barabara ya vumbi nilianza kupumua. Nilishaona njia ya nyumbani. Ndipo ng'ombe walipotoka vichakani, kundi zima, wenye pembe ndefu, wakakatiza mbele yetu bila haraka. Dereva alikanyaga breki. Mimi nilikwenda mbele, keki ikaja nyuma. Ghorofa ya juu ilinipiga begani ikapasukia shingoni mwangu, ya kati ikakunjika ikaanguka juu ya boksi la miguuni.

Dereva aligeuka.

"Dada," alisema, "samahani sana."

"Twende tu," nilimwambia. Nilikuwa nalia, lakini siagi ilikuwa imenijaa hata kope, kwa hiyo sidhani kama aliona.

Baba alikuwa kwenye kivuli cha nyumba akinoa panga. Aliinuka nilipofungua mlango wa gari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umetoka vitani?"

Nikaangua kilio cha mtoto. Mama alitoka jikoni mbio, akadhani tumepata ajali, akaanza kunipapasa kichwa na mikono. Alipoona sijaumia alisimama akatazama krimu iliyobaki kwenye vidole vyake. Aliilamba kidogo. Miaka yote nilipokuwa nikimletea keki alikuwa akiifunga kwenye karatasi na kuwagawia wajukuu, akisema sukari ni ya watoto. Alilamba kidole cha pili.

"Kumbe ndiyo hii," alisema.

Tulifungua boksi. Ghorofa ya chini ilikuwa na ufa katikati na shimo upande mmoja, lakini ilikuwa bado keki. Zile mbili hazikuwa kitu tena. Nilisema basi, tutaikata hiyohiyo, watu wataelewa.

"Hapana," alisema mama. "Umesema ghorofa tatu. Nimeshawaambia wanawake wa jumuiya ni ghorofa tatu."

Mchana wote ukawa wa kutafuta. Baba alichukua ndoo akaenda kuomba mchanga kwa jirani anayejenga. Dereva wa taksi, ambaye angeweza kuondoka zake, aligeuza gari akarudi dukani njia panda kununua unga wa ngano na beking pauda. Siagi hakupata, akaleta mafuta ya alizeti. Mayai mama alikuwa nayo. Maziwa hayakutosha, kwa hiyo nilichukua ndizi mbivu zilizokuwa zikingoja kukamuliwa pombe ya rubisi, nikaziponda kwenye unga. Iliki iliyobaki ilikuwa kwenye mkoba wangu. Mama aliomba kuinusa, akarudia tena.

Nyumbani hakuna mkaa, tuliokea makaa ya kuni kwenye mafiga, ndani ya jiko lile la nyasi lenye dari nyeusi kwa moshi. Mama alikataa niuguse moto wake. Aliketi kwenye kigoda, kitenge kimefungwa kifuani, akawa anaokota kaa mojamoja kwa kijiti na kulipanga juu ya sinia kama mtu anayepanga mbegu. Bibi harusi wa kesho, na majivu hadi kwenye nyusi.

Hapo ndipo nilipomuuliza.

"Mama, ulimwomba tena abatizwe?"

"Nani? Baba yako? Nilimwomba tulipokuwa vijana mpaka nikachoka. Ulipozaliwa wewe nikaacha."

"Sasa nini kilimbadilisha?"

Alisogeza kaa moja, akalirudisha lilipokuwa.

"Ni mwaka jana nilipoumwa. Padre alikuja kumpa komunyo mgonjwa wa hapo jirani, akapita na kwangu. Akaniombea vizuri, akaondoka na komunyo yake. Mimi nikageukia ukutani. Nilidhani baba yako yuko na ng'ombe. Kumbe alikuwa amesimama mlangoni."

"Akasema nini?"

"Alirudi kwa ng'ombe wake. Nilipopona, siku moja akaniambia nimchemshie maji ya kuoga mapema, anakwenda mafundisho. Nikadhani ni mafundisho ya mbegu za mahindi, yale ya bwana shamba."

Tulicheka mpaka moshi ukatupalia. Kisha aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua: kwamba haukuwa ubishi, ilikuwa aibu. Baba hakupata shule. Aliogopa kukaa na watoto wadogo na kuonekana hajui. Na ndivyo alivyokaa, karibu mwaka mzima, mzee mwenye mvi kwenye benchi la watoto wa darasa la tatu, magoti yamemfika kidevuni. Alipokuwa akisema "Saramu Maria" watoto walikuwa wakicheka, naye akicheka nao, kisha akirudi nyumbani anamwomba mama amkaririshe sala ileile chakula cha usiku kikiwa hakijapoa. Mama alikuwa akimfundisha kwa Kiswahili, naye akimuuliza maana kwa Kisubi.

"Unajua alichoshindwa?" mama aliniuliza. "Kunyamaza wakati wa kunyamaza."

Harufu ya ndizi na iliki ilianza kutoka. Nilimzuia asifunue. Ilipofika uani, baba alipiga kelele kutoka nje, "Hicho kitu kimeiva, au mnataka kukichoma?" Tukafunua. Ilikuwa imetoka rangi ya kahawia, imeinuka upande mmoja zaidi ya mwingine, na ilikuwa na harufu ya moshi. Tulioka na ya pili, ndogo. Krimu niliikwangua kwenye boksi kadiri nilivyoweza, ikatosha kuziba ufa wa ile ya chini na kupaka hizi mbili kwa juu tu. Maua ya manjano hayakuwapo tena. Mama alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na maua ya alizeti.

Kesho yake asubuhi mama alivaa gauni la rangi ya maziwa aliloshonewa na dada yake, baba akavaa suti ya mume wangu niliyokuja nayo, mikono ikiwa mirefu kidogo. Kanisa la kigango lilijaa. Baba alijibu maswali ya padre kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde, watu wakacheka, padre naye akacheka. Wakati wa komunyo walitangulia wao wawili. Mimi nilikuwa benchi la pili na mume wangu na watoto. Nilimwona mama akipokea, akajishika kifua kwa mkono mmoja, akageuka kurudi, na uso wake sikuwahi kuuona vile. Ulikuwa mtulivu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni na bado hajanyoosha mgongo. Baba alikuja nyuma yake akiangalia chini ili asimkanyage gauni.

Kwenye sherehe wanawake wa jumuiya waliizunguka keki. Mmoja aliuliza kwa nini rangi ya ghorofa ya chini ni nyeupe na za juu ni kahawia. Mama akamjibu kwamba ndiyo mtindo wa mjini. Wazazi wangu walipoambiwa walishane, baba alirudi nyuma hatua.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu!" wakaitikia wote.

Alichukua kipande kikubwa kupita kiasi, akakielekeza mdomoni mwa mama. Vigelegele vikapasua turubai. Baba akawageukia.

"Huyu nimemlisha mihogo tangu mlipokuwa hamjazaliwa," alisema, "mbona hamkupiga vigelegele?"

Mama alikuwa akicheka huku mdomo umejaa, amejifunika kwa kiganja. Kisha naye akamlisha. Baba alitafuna taratibu, akafikiri, akasema inataka chumvi kidogo.

Nilibaki siku mbili, nikichambua maharage na mama na kulala mchana kwenye mkeka wake. Niliporudi Ngara nilimpelekea jirani yangu kipande kilichobaki cha ghorofa ya juu. Alikitafuna amefumba macho.

"Hii imeingiwa na moshi," alisema.

"Nimeoka kwa kuni."

"Usiache."

Sikuacha. Watu waliokuwa harusini walipeleka habari, na kabla kiangazi hakijaisha niliitwa Kaniha kwenye kipaimara na Nyabusozi kwa bibi mmoja aliyekuwa akiagwa na shule aliyoipikia tangu ujana. Wote walitaka keki ya ndizi, ile ya mtindo wa mjini. Nilijifunza kuzibeba ghorofa kila moja peke yake na kuzipachika nikishafika. Yule dereva ndiye aliyenipeleka kote, na kila tulipoona ng'ombe hata kwa mbali alipunguza mwendo na kuniangalia kwenye kioo.

Mvua za kwanza ziliponyesha oda zikapungua, nikapata nafasi ya kuwapigia simu nyumbani bila haraka. Baba alipokea. Aliniuliza hali ya watoto, akaniambia wameanza kupanda maharage na kwamba ardhi imelowa vizuri. Nilimwomba nizungumze na mama.

"Hayupo," alisema. "Amekwenda misa ya asubuhi. Siku hizi hata siku za kazi anakwenda, ananiacha na vyombo."

Nilisikia sufuria zikigongana. Alikuwa anaviosha.