Nani Kabadili Nenosiri?

Miaka ile ya mwisho ya vita, familia yetu pale Buyenzi, Bujumbura, ilikuwa na anwani moja tu ya barua pepe, na mshika funguo nilikuwa mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kiburi changu kilikuwa cheupe kwa chaki. Kila Ijumaa baada ya swala nilimpeleka mama kwenye sibakafe, duka la intaneti lililokuwa mtaa wa pili, amwandikie dada yangu mkubwa aliyekuwa amekimbilia Denmaki. Mama hakujua kusoma wala kuandika. Yeye alisema, mimi nikaandika.

Sasa, kuna kuandika na kuandika. Mama alikuwa anamwaga maneno bila kituo: jino linalomsumbua, kuku wa jirani, risasi zilizopita juu ya bati, halafu jino tena. Mimi nilichuja. Kila barua niliianza kama watu walioelimika: “Sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako.” Wiki ambayo mabomu yalianguka Kanyosha mpaka vikombe vyetu vikacheza kabatini, niliandika vilevile. Sisi hatujambo. Hofu na mashaka ni juu yake yeye, huko Denmaki, alikokuwa akisumbuliwa na theluji.

Ijumaa moja tukakuta barua ya dada, nikamsomea mama kwa sauti. “Asanteni kwa kunikaribisha,” aliandika. “Nataka nije na mtoto mumwone kabla hajaanza kutembea. Nikate tiketi? Nijibuni kabla ya Jumatano.” Mama akanyamaza. Kwa mama, kunyamaza kulikuwa dalili ya malaria. Akasema kichwa kinamuuma, twende nyumbani, tutajibu siku nyingine.

Jumatatu nikaenda peke yangu kujibu. Jibu nilikuwa nalo tayari: njoo. Nikaandika nenosiri, kompyuta ikalikataa. Nikaandika tena kwa herufi kubwa, kana kwamba ile mashine ilikuwa kiziwi. Ikakataa. Nikaruka kutoka kitini.

“Tumeibiwa! Akaunti imeingiliwa na mwizi!”

Wateja wote wakasimama, maana mwizi ni mwizi hata kama haonekani. Nilimshuku kwanza mwanafunzi mmoja wa Kamenge aliyekaa nyuma yangu, kwa sababu alikuwa anacheka. Kumbe alikuwa anasoma barua ya mchumba wake. Mwenye sibakafe, mama mmoja mnene kutoka Uvira, hakuinuka. Huyu alikuwa na daftari aliloandika manenosiri ya wateja wake wote, kwani tulikuwa tunayasahau halafu tunazitukana mashine. Siku hiyo alikuwa amelikalia.

“Mama, nisaidie!” nikamwambia.

“Bonyeza pale wanaandika umesahau,” akasema, akiendelea kumenya karanga.

Nikabonyeza. Wakataka tarehe ya kuzaliwa, nikawapa. Wakataka namba ya posta ya mtaa wangu. Mitaa ya Bujumbura haijawahi kuwa na kitu hicho, lakini nilikumbuka uongo niliouandika siku ya kwanza, ukapita. Kisha likaja swali la siri. Mimi nilikuwa nimeweka jina la shule yangu ya kwanza. Swali nililolikuta halikuwa langu: “Mama humaliza barua na neno gani?”

Mwizi anamjua mama yangu! Nikaandika “wasalaam”. Hapana. Nikaandika “wabillahi taufiki”. Hapana. Wateja wakanizunguka, kila mmoja na mama yake: “Jaribu Mungu akulinde!” “Jaribu nakupenda sana!” Baada ya jaribio la sita kompyuta ikafunga mlango, ikaniambia nirudi kesho. Kesho ilikuwa Jumanne, na dada alikuwa anangoja.

“Mi nakuambia,” yule mama wa Uvira akasema, “enda uulize mama yako.”

Nilimkuta mama uani anachambua mboga za lengalenga.

“Mama, akaunti imeibwa.”

“Apana. Iko kwangu.”

Nikakaa chini bila kuangalia nakalia nini.

“We mutoto,” akasema, “mi nasema mpaka mate inakauka, we unabonyeza kidogo, umemaliza. Ijumaa umenisomea mwenyewe: asante kwa kunikaribisha. Nani alimukaribisha? Mi?”

“Mama, mgeni hafukuzwi kwa barua.”

“Ule si mugeni, ule ni mutoto wangu! Mi kila juma namaliza na neno gani?”

Nikatafuta kichwani, nikatafuta, sikupata kitu. Mimi niliyekuwa nikiwapigisha watoto wa watu magoti kwa kukosa imla.

“Usije,” mama akasema. “Kila juma. Usije. Na we unaandika karibu.”

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Ukweli ni kwamba nilimsikia mara ya kwanza na ya pili, kisha nikaacha kusikia, kwa sababu nilitaka dada aje. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, na nilikuwa na hamu kubwa ya kumwona. Ndiyo maana nilimwambia hatujambo.

Jumanne tukaenda wote wawili. Nikaandika “usije”, mlango ukafunguka. Barua iliyotumwa Jumamosi, kwa mkono wa yule mama wa Uvira, ilisema hivi: “Mutoto wangu, hii ni mama yako anasema, si mudogo wako. Ule anadanganya lakini si mutu mubaya. Huku apana muzuri. Tunalala chini ya kitanda. Usilete mutoto. Usije.” Chini yake lilikuwa jibu la dada: “Mama, leo nimesikia sauti yako. Sikati tiketi.”

Nikamsomea mama bila kuchuja. Akasema alhamdulillahi mara tatu. Kisha akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakaanza kutikisika. Yule mama wa Uvira akaacha karanga zake, akamletea kiti chenye mgongo.

“Andika,” mama akaniambia. “Andika mi nalia.”

Nikaandika.

“Andika nataka kubeba ule mutoto mpaka mikono inauma.”

Nikaandika.

“Sasa maliza.”

Vidole vyangu havikutaka, lakini nikaandika. Mama hakuniamini, akauliza neno lenyewe liko wapi. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Akazihesabu herufi, zilikuwa tano, akaweka kidole chake juu ya neno hilo na hakukiondoa.